"Mpito wa awamu" au "mgeuko wa mwenendo"?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tanga. Naandaa somo lenye kichwa "Mpito wa awamu wa kidainamiki katika mifumo ya kwanta yenye mchafuko". Wenzangu wanasema hakieleweki. Nirekebishe wapi?

Jibu: Wenzako wana haki, Mwalimu, na neno linalopotosha zaidi ni la mwisho. Mchafuko ni wa kitu kinachotibuka: bahari ikichafuka, mawimbi hayatulii. Unachotaka kukieleza wewe ni kinyume chake, yaani, katika mifumo ya kwanta (ya chembe ndogo mno kama elektroni na atomi), vizuizi vilivyo njiani mwa chembe vimekaa ovyo lakini vimekaa, havisogei. Litazame shamba la mkonge lililopandwa bila kamba. Hakuna atakayesema limechafuka, ila mistari haipo. Andika "isiyo na mpangilio", na uchunge upatanisho: mfumo usio na, mifumo isiyo na. "Mifumo zisizo" ni kosa, ingawa tunalisikia kila siku.

"Awamu", uliyoitumia kwa "phase" ya Kiingereza, ni kipindi katika mfululizo, kama serikali ya awamu ya tano. Isitoshe, wimbi la kwanta nalo lina awamu yake, ile ambayo mafundi umeme huiita fezi, na utaihitaji katika aya hiyohiyo. Liache neno huko. "Mpito" nao hudokeza muda wa kungojea, kama serikali ya mpito. Afadhali "mgeuko", kutoka geuka, si geuza, maana tunataja kinachoupata mfumo.

Kabla ya kutafsiri "kidainamiki" ("dynamical" ya Kiingereza), jiulize kinachogeuka ni nini. Mwaka 1958 mwanafizikia Mmarekani Philip Anderson alionyesha kwamba vizuizi vikikaa ovyo kupita kiasi, elektroni hunaswa, haisambai. Mwaka 2015, huko Munich, Ujerumani, watafiti walipanga atomi za potasiamu zilizopozwa mno ndani ya vishimo vya mwanga, kimoja kinajazwa, kinachofuata kinarukwa, kama kete kwenye ubao wa bao. Vina vya vishimo vilipotofautiana kidogo tu, atomi zilienea na mkao wa mwanzo ukafutika. Vilipotofautiana sana, bila kujirudia, alama ya mkao ule ilibaki. Hakuna kilichoyeyuka wala kuganda hapo. Kilichogeuka ni namna mfumo unavyoenenda kadiri muda unavyopita, na Kiswahili kina neno lake: mwenendo.

Basi kichwa kiwe "Mgeuko wa mwenendo katika mifumo ya kwanta isiyo na mpangilio". Kwa barafu na maji, andika "mgeuko wa hali".