Kabla Hujatazama Kilele, Tafuta Kitanda

Jumanne nimerudi kazini mapaja bado yanauma, nikakuta ujumbe wa dada mmoja wa Worcester, hapa hapa Massachusetts, kuhusu milima ya White Mountains ya New Hampshire. Alikuwa ameona picha zangu. "Habari kaka. Hata sisi tulikuwa White Mountains Jumamosi. Tumezunguka maegesho yote mpaka saa sita mchana, hakuna nafasi, watoto wamechoka, tukanunua chakula mji wa Lincoln tukarudi nyumbani. Nyie mmelala huko huko juu. Mlifanyaje?"

Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona nilete hapa. Najua hayuko peke yake. Wengi wetu tunaoishi Massachusetts tunapiga shifti mbili mbili mwaka mzima, na wikendi ya siku tatu tukiipata tunataka itulipe kila kitu kwa mpigo. Mimi nimeipata mwaka huu. Mwaka jana ilinishinda vibaya, na huo mwaka jana ndio wenye mafunzo, kwa hiyo nitaanzia huko.

Sikukuu yenyewe ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, wengine wanaiita Columbus, wengine Siku ya Watu wa Asili. Ni wiki hiyo hiyo ambayo majani kule New Hampshire yanakuwa yamewaka, mekundu, ya njano, ya rangi ya chungwa, bonde zima kama kanga zimeanikwa. Boston nzima inaijua wiki hiyo. Barabara ya I-93 inaijua. Ukitaka kwenda siku ambayo kila mtu anakwenda, jipange kama mtu anayekwenda kwao Desemba kwa basi: tiketi kwanza, mizigo baadaye.

Mimi sikujipanga hivyo, na sababu ni kiburi. Nimezaliwa Marangu. Baba yangu mdogo alikuwa mpagazi, amebeba kilo 20 kichwani mpaka kambi ya Horombo, Kilimanjaro, mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Mimi mwenyewe nimefika Mandara, kambi ya kwanza, nikiwa shule ya msingi. Sasa mtu ananiambia Mlima Lafayette, tuliotaka kuupanda kule New Hampshire, una mita 1,600! Lango la Marangu, pale wageni wanapojiandikisha kabla hawajapiga hatua hata moja, liko juu zaidi ya kilele hicho. Nikawaambia wenzangu wanne, kwa sauti ya mwenyeji, huo si mlima, huo ni mgomba. Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Nilichokuwa sijui ni hiki. Kwetu ukiwa mita 1,600 uko kwenye migomba na kahawa, na msitu unakusindikiza mpaka Mandara, mita 2,720. Kule New Hampshire, kwa sababu ya kuwa kaskazini mno, miti inakwisha mita mia chache chini ya kilele. Ukitoka hapo uko wazi kabisa, huna pa kujificha, na upepo wa milima ile una historia: Mlima Washington, jirani yake, ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa tarehe 12 Aprili 1934. Halafu hakuna mpagazi. Hakuna mpishi anayekusubiri na uji. Kiongozi ni wewe uliyejiita kiongozi.

Basi. Mwishoni mwa Septemba ndipo nikakumbuka kutafuta pa kulala. Kule kuna vibanda vya Appalachian Mountain Club, chama cha tangu mwaka 1876, na mgongo wa Franconia, ile safu ya vilele yenye Lafayette tuliyokuwa tunaitaka, una kibanda chake kiitwacho Greenleaf, vitanda 48 vya dabo deka. Vilikuwa vimejaa kila usiku wa wikendi ile. Mtu mwenye akili angebadilisha mpango hapo. Mimi nikaazima hema mbili nikasema porini hakuna mwenyewe, tutalala popote.

Jumamosi tulipanga kutoka Lowell, tunakoishi, alfajiri. Shemeji alikuwa anatoka shifti ya usiku, dada mmoja alikuwa anasubiri mtu wa kumwachia mtoto, tukaondoka saa 2 asubuhi. Kupita Plymouth, ile ya New Hampshire, magari yamesimama. Tulifika Lafayette Place, pale njia inapoanzia, saa 5 na nusu tukakuta maegesho yamefungwa, askari anatupungia mkono tupite. Tukapelekwa maegesho ya Mlima Cannon, tukapanga foleni ya basi dogo la kuturudisha kule tulikotoka. Tulianza kupanda saa 7 na robo mchana.

Saa 7 na robo! Jua la wiki ile linazama saa 12 na dakika chache.

Njia ya kupandia, Falling Waters, ni nzuri ajabu, maporomoko juu ya maporomoko, na siku hiyo kila kwenye kuvuka maji kuna watu ishirini wanapiga picha. Na sisi tukapiga. Nilijisikia fahari, nilikuwa nawaeleza watu habari za Kilimanjaro njia nzima. Kilomita 5 tu mpaka Little Haystack, kilele cha kwanza cha ule mgongo, ila ni za kupanda ngazi za mawe, na wenzangu hawakuwahi kupanda mlima maishani. Tulitokeza juu saa 11 jioni. Watu wote tuliowakuta pale walikuwa wamegeuza, wanashuka. Mzee mmoja wa Kizungu akatutazama, akamtazama dada mmoja wetu aliyevaa jinzi, akaniuliza kama tuna taa. Nikamwambia tuko sawa.

Tulikuwa na tochi moja na simu.

Kutoka pale mpaka kilele cha Lafayette ni kilomita kama 2.7 za mgongo mtupu, unapitia Mlima Lincoln katikati, bonde kulia, bonde kushoto. Asubuhi Lowell kulikuwa na nyuzi 15. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza nyuzi 6 hivi, kwa hiyo pale juu zilibaki kama 5, na upepo ukazimaliza hizo tano. Jinzi ya yule dada ilikuwa imelowa tangu kwenye maporomoko, na pamba ikilowa haikauki, inakunyonya joto mwilini. Akaanza kutetemeka. Baadaye akaacha kuongea, na hapo ndipo nikaogopa kwelikweli, maana nimekua nikisikia baba mdogo akisema mgeni akinyamaza mlimani usimwache nyuma. Nikampa koti langu. Simu mbili zilizimika kwa baridi. Tulikwenda tumeshikana kama watoto wa chekechea, tochi moja mbele, na mimi nahesabu majina kila baada ya dakika chache.

Tulifika kibandani saa 2 usiku. Vijana wanaokiendesha walituingiza ndani, wakatupa maji ya moto, wakamkalisha dada karibu na jiko. Nawashukuru. Lakini vitanda vimejaa, na wakanieleza kitu ambacho ningeweza kukisoma nyumbani kwa dakika kumi: huruhusiwi kupiga hema ndani ya mita 400 kutoka kwenye kibanda, huruhusiwi kupiga hema mahali ambapo miti haijafika mita 2.4, na ukishuka zaidi unaingia kwenye hifadhi ya jimbo, ambako hema ni kwenye kambi yao ya bondeni peke yake. Kwa ufupi, hema nilizobeba mgongoni mchana kutwa hazikuwa na mahali pa kusimama.

Tukashuka. Kilomita karibu 5 gizani, kwa makalio kwenye mawe mengine. Tulifika chini saa 7 usiku. Basi dogo limeshalala. Mimi na shemeji tukatembea tena kufuata gari.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ila Jumatatu kwenye kundi letu la WhatsApp dada yule aliweka ujumbe wa sauti wa dakika nne. Sitaurudia. Alisema nilitaka kuonekana. Alisema nimewachukua watu wenye watoto nikawapeleka kufa kwa ajili ya picha. Watu walioweka alama ya dole ni kumi na moja, na kati yao kuna niliowapokea uwanja wa ndege wakati hawajui mtu hapa. Niliuma midomo nikakaa kimya. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo.

Sasa, dada yangu wa Worcester, na wengine mnaosoma, nisikilizeni.

Mlima wa wikendi ya sikukuu haupandwi Oktoba. Unapandwa miezi mingi kabla, siku unayolipia kitanda. Mwaka huu nilianza na kitanda, na kila kitu kingine nikakipanga kwa kurudi nyuma kutoka hapo: tunalala wapi, kwa hiyo tunafika saa ngapi, kwa hiyo tunaanza kutembea saa ngapi, kwa hiyo tunatoka nyumbani saa ngapi. Wengi tunapanga kutoka nyumbani kwenda mbele, tukifika jioni ndipo tunauliza tunalala wapi. Geuzeni.

La pili nililojifunza, na hili watu hawalisemi: usilale Jumamosi. Lala Jumapili. Jumamosi dunia nzima iko pale. Jumapili jioni wengi wanaanza kurudi, na nafasi hupatikana pale ambapo Jumamosi usingeipata hata kwa kuomba. Inahitaji uwe huru Jumatatu, ndiyo. Kazini kwangu wikendi hiyo haipatikani ukiiomba Septemba, kwa hiyo niliandika ombi Machi na nikambadilishia mwenzangu Krismasi yangu. Nililipa bei. Kama hutaki kulipa bei, nenda wikendi nyingine, majani yatakuwa yamepungua na mlima utakuwa wako.

Na shusha macho. Hili liliniuma kulikubali. Badala ya mgongo ule, nilichagua kibanda cha Lonesome Lake, upande wa pili wa bonde, kilomita 2.6 tu kutoka barabarani, mita 840 hivi. Kiongozi wa kweli hapimwi kwa kilele alichowafikisha watu, anapimwa kwa watu aliowarudisha. Wapeleke vijana mahali ambapo hata mambo yakiharibika wanaweza kurudi garini kwa saa moja na nusu. Kilele kipo, hakihami.

Vifaa sitaeleza sana, mtandao umejaa orodha. Taa ya kichwani kwa kila mtu, kila mtu, mtoto pia. Usivae pamba. Koti la upepo, kofia, glavu, hata kama Lowell kuna jua. Chakula kisichohitaji kupikwa. Sisi tulibeba chapati, karanga na chupa mbili za chai ya tangawizi, na hakikisha harufu yoyote ya chakula hailali nawe, maana dubu weusi wapo. Asubuhi ya safari soma utabiri wa vilele unaotolewa na kituo cha hali ya hewa cha Mlima Washington, siyo ule wa simu yako unaokuambia habari za mjini. Na kata kadi ya Hike Safe ya New Hampshire, inayoweza kukuepusha na bili ya uokoaji, dola 25 kwa mtu au 35 kwa familia. Jimbo lile linaweza kukudai gharama za kuokolewa ukionekana ulizembea, na mimi mwaka jana, mtu akiniuliza, nilizembea.

Anzeni mapema. Nimeshalisema, nalisema tena. Jumapili hii tulitoka Lowell saa 10 na nusu alfajiri, na kabla ya saa 1 gari lilikuwa limeshaegeshwa Lafayette Place penyewe, hakuna basi, hakuna foleni. Watoto walilala njia nzima. Tulikunywa chai kwenye boneti tukisubiri mwanga ukamilike. Aliyechelewa nilimwambia tutamkuta chini Jumatatu, na nilikuwa namaanisha. Alifika dakika tano kabla.

Tulikuwa watano tena, na watoto wawili. Saa 4 tulikuwa tumeshatua mizigo kando ya ziwa, siku nzima iko mbele yetu. Shemeji, yule yule, alikaa kwenye jiwe akasema hajawahi kukaa hivi tangu afike Marekani miaka sita iliyopita. Tulizunguka ziwa polepole. Mtoto wa mmoja wetu alichukua majani mekundu akayapanga kwenye daftari.

Jioni, kutoka kwenye baraza la kile kibanda, unaona ng'ambo ya maji mgongo wote wa Franconia: Little Haystack, Lincoln, Lafayette, umekatwa wazi kwenye anga. Tulikaa pale tumejifunika, jua likazama, mgongo ukawa wa zambarau halafu mweusi. Kama saa moja usiku nikaona taa. Taa moja ndogo mbele, na nyuma yake nyingine mbili zikiwaka na kufifia kama za simu, zinakwenda polepole sana kuelekea Lafayette. Shemeji naye akaziona. Hatukusema kitu. Tulikaa tukizitazama mpaka zikashuka upande ule wa kibanda cha Greenleaf, ndipo tukaingia kulala.

Picha ya mgongo ule nilimtumia yule dada wa jinzi asubuhi yake, peke yake, siyo kwenye kundi, nikaandika "Nisamehe kwa mwaka jana." Ameisoma. Bado hajajibu.

Nafasi za Oktoba ijayo zikifunguliwa tu nitalipia vitanda vinane. Tuliokwenda mwaka huu ni saba.