Kipepeo wa manjano ameshikana na mweusi, ni aina moja kweli?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Shinyalu. Kwetu ni karibu na msitu wa Kakamega, kuna kipepeo mkubwa wa manjano na nyeusi ana mikia kwa mabawa ya nyuma, juzi nimemuona ameshikana na mwingine mweusi na mweupe hana hata mkia. Si hizo ni aina mbili? Halafu kwa mlimau wangu kuna viwavi wanakaa kama mavi ya ndege wanakula majani, mzee anataka kupiga dawa. Nimwambie aje?
Mama Neema

JIBU: Mama Neema, asante sana, hao ni mume na mke! Anaitwa Papilio dardanus, na usishangae kudhani ni aina mbili, hata wataalamu walikuwa wanawaandika kama aina tofauti mpaka Roland Trimen, aliyekuwa Afrika Kusini, akaonyesha mwaka wa 1869 kwamba ni kitu kimoja.

Dume karibu kila mahali ni huyo wa manjano mwenye mikia. Jike ndiye wa ajabu. Huyo wako mweusi na mweupe amemwiga kipepeo mwingine wa msituni, Amauris niavius, ambaye ana ladha mbaya, ndege mchanga akimwonja mara moja anamtema na baadaye akiona rangi hizo anaziacha kabisa, sasa huyu jike ambaye hana sumu yoyote anapita salama kwa rangi ya kuazima. Na si vazi moja, kuna majike wengine wa rangi ya machungwa wanaoiga Danaus chrysippus, yule tunayemuona kila siku kwa mashamba, na wote wanaweza kuwa ndugu wa mama mmoja. Inasaidia kwa sababu waigaji wakizidi wale wenye sumu wenyewe, ndege wataonja wengi watamu na hofu itaisha, kwa hivyo ni afadhali wagawane mavazi. Ndugu zao wa Madagaska hawaigi, huko majike wana manjano na mikia kama madume. Mimi hii kitu hainichoshi hata siku moja.

Sasa mlimau. Dardanus hutaga kwa miti ya jamii ya ndimu, ya msituni na ya nyumbani, kiwavi akiwa mdogo anafanana na mavi ya ndege ili asiliwe, akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Lakini kuna jamaa yake, Papilio demodocus, naye anapenda sana milimau na viwavi wake wadogo pia wanakaa hivyo hivyo, huyo akikomaa hana mikia, na dume na jike wanafanana.

Yeyote awe, mwambie mzee aache dawa tafadhali. Mti mkubwa utatoa majani mengine. Kama ni mche mdogo, kata kijitawi chenye kiwavi ukakifunge kwa mlimau mkubwa.