Ukiletewa utafiti wa kura ya maoni, uliza asilimia 12 zimeenda wapi

Ninyi mnaoingia kwenye timu za mawasiliano za wagombea kuelekea 2027, jueni mapema kwamba kuna siku mtawalaani watafiti wote wa nchi hii. Jumatatu kura ya maoni inasema mheshimiwa anaongoza, Alhamisi nyingine inasema yuko nyuma, na kati ya siku hizo mbili hakuna lolote lililotokea. Kisha simu inalia kabla hakujapambazuka: "Ujumbe wetu haushiki, badilisheni!" Nimekaa kwenye vyumba hivyo zaidi ya kampeni moja. Mara nyingi anayefokewa hana kosa.

Chukueni uchaguzi wa rais wa Kenya wa Agosti 2022. Katika tafiti za mwisho za kampuni tatu za utafiti, Ipsos ilimpa Raila Odinga asilimia 47 na William Ruto 41. Infotrak ikasema 49 kwa 42. TIFA ikakadiria 53 kwa 45. Kelele zikaanza: nani kahongwa, nani anapika takwimu? Lakini hebu jumlisheni. 47 na 41 ni 88. Zile 12 zinazobaki ni wagombea wadogo, wasioamua na waliokataa kusema. 53 na 45 ni 98, maana yake hapo wasiosema wameshagawanywa. Namba hizo hazijibu swali moja, kwa hiyo msizipange kwenye grafu moja halafu mkashangaa mstari unaruka kama panzi.

IEBC, tume ya uchaguzi, ilipotangaza matokeo, Ruto alikuwa na asilimia 50.49 na Raila 48.85. Zilinganisheni na zile za Ipsos: Raila aliongeza chini ya pointi mbili, Ruto zaidi ya tisa. Wagombea wengine wawili, kwa pamoja, hawakufikisha hata asilimia moja. Basi ama waliokaa kimya walielekea kwa Ruto kwa wingi, ama sehemu ya wafuasi wa Raila ilibaki nyumbani. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65 ya waliosajiliwa, wakati Agosti 2017 walikaribia 80. Mimi naamini yote mawili yalichangia. Mtu wa Mlima Kenya, nyumbani kwa Uhuru Kenyatta, akipigiwa simu na mgeni, huku Uhuru, rais wa wakati huo, anampigia debe Raila, hana sababu ya kufungua moyo. "Sijaamua" yake ilikuwa imeamua kitambo.

Kwa hiyo mkiletewa ripoti, rukeni ukurasa wa kwanza. Tafuteni swali lilivyoulizwa, lini, kwa simu au ana kwa ana, nani kalipa, na wangapi hawakutoa jibu. Mengi ya haya sheria ya mwaka 2012 ya uchapishaji wa kura za maoni inataka yatajwe, na utafiti usioyataja hauhitaji mkutano. Pia angalieni idadi ya waliohojiwa. Watu 2,400 nchi nzima wana kiwango cha makosa cha takriban asilimia 2 juu au chini. Wagawanyeni kwa kaunti 47, mnabaki na wastani wa watu 51 kwa kaunti, na makosa yanafika karibu asilimia 14 juu au chini. Sasa mgombea ugavana anakuja na kipande cha utafiti wa kitaifa, anasema ameshuka kutoka 44 hadi 37. Hajashuka wala hajapanda. Hakuna anayejua, na kumwambia hivyo ni sehemu ya kazi mliyoajiriwa kufanya. (Mwambieni mkiwa wawili tu, si mbele ya shemeji zake.)

Kuhusu ujumbe wenyewe, Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, walifanya jambo moja ambalo wapinzani wao hawakulifanya, hata kama humpendi Ruto. Hasla (mtu wa kuhangaikia riziki), wilibaro (toroli, nembo yao), uchumi wa kutoka chini kwenda juu: walianza mapema na hawakuacha. Tafiti nyingi za 2021 zilipomweka Ruto mbele, walisema hivyo hivyo. Martha Karua alipotangazwa mgombea mwenza wa Raila Mei 16, 2022, na Raila akaanza kuongoza, bado wilibaro ilikuwa jukwaani. Azimio, muungano wa Raila, walikuwa na kaulimbiu "Inawezekana", shilingi 6,000 kwa mwezi kwa familia maskini, BabaCare (mpango wa afya), vita dhidi ya ufisadi, tena na mzigo wa kumtetea rais aliyekuwa madarakani. Kila moja lilikuwa na hoja yake. Ila muulize mama mboga wa Githurai mwaka ule Azimio wanataka nini, angekutajia mtu, asingekutajia jambo.

Ninachowashauri: kabla utafiti haujatoka, andikeni ni matokeo gani yatawafanya mbadilishe ujumbe. Kwangu ni tafiti tatu za kampuni moja, kwa swali lile lile, zikielekea upande mmoja. Pungufu ya hapo badilisheni ratiba ya mikutano, au mzungumzaji, au redio mnayotumia. Kauli yenu iacheni.

Na msisubiri takwimu za dakika za mwisho. Sheria inakataza kuchapisha kura za maoni siku tano kabla ya uchaguzi, ndipo makundi ya WhatsApp hujaa "utafiti wa siri" wenye nembo za kubandika. Kampeni zenyewe hufungwa saa 48 kabla ya kupiga kura. Hata kama moja ya picha hizo ingekuwa ya kweli, jukwaa la kusemea lingekuwa limeshang'olewa.