Mwanangu, kuhusu ile adrenalini

Binti yangu,

Message yako ya usiku nimeisoma asubuhi, nikaiacha, nikairudia tena mchana. Unauliza kama ile adrenalini waliyomdunga mama yenu kasualti moyo wake uliposimama ilimsaidia au ndo ilimmalizia ubongo, maana umekutana na ule utafiti wa Uingereza unaosema inaamsha moyo lakini kichwa kinabaki kimeumia. Halafu umeandika "nijibu kama nesi, usinijibu kama baba". Hapo umenipa kazi, mi hivyo viwili sijawahi kuvitenganisha, muulize kaka yako goti lake lilishonwa na nani.

Utafiti wenyewe naujua, ulitoka 2018. Watu zaidi ya 8,000 waliosimama moyo nje ya hospitali, nusu wakadungwa adrenalini, nusu maji ya chumvi, na hata wahudumu wa ambulensi waliokuwa wanadunga hawakujua sindano ina nini. Baada ya siku 30 waliokuwa hai ni asilimia 3.2 kwa waliopata dawa na 2.4 kwa waliopata maji. Na kati ya walioishi mpaka kutoka hospitali, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 31 upande wa dawa, upande wa maji kama 18. Kwa hiyo ulichosoma ni kweli ila umekisoma kwa hasira. Dawa haikuchukua watu ambao wangeamka wazima ikawaharibu, maana waliorudi na akili zao walikuwa karibu sawa pande zote mbili, asilimia 2.2 na 1.9. Inavyoonekana dawa iliwavuta wengine ambao bila hiyo wangekufa pale pale, na wengi wa hao walirudi na ubongo ambao ulikuwa umeshakaa bila damu muda mrefu. Adrenalini kazi yake ni kubana mishipa ya mwili ili ile damu kidogo inayosukumwa kwa mikono iende kwenye moyo wenyewe, moyo ukaamka. Ubongo haungoji. Kwenye utafiti ule dawa ilikuwa inaingia kama dakika 21 tangu simu ya kuomba msaada ipigwe, sasa dakika 21 unaanzaje kuilaumu sindano?

Mnajua ninachosema siku zote hata mkinicheka, mikono kwanza. Mikono ndo dawa, vingine vyote vinakuja kusaidia mikono. Na sio mimi peke yangu, wale waliofanya huo utafiti wako waliweka hesabu humo humo: ili kuokoa mtu mmoja zaidi inabidi uwadunge adrenalini watu 112, lakini kubonyeza kifua kunakoanzwa na mtu yeyote aliyepo pale kunaokoa mmoja katika kila 15, na mashine ya kushtua moyo ikiwahi, mmoja katika kila 5. Mia na kumi na mbili kwa kumi na tano! Hiyo sehemu naona haijakufikia, watu wanasoma vichwa vya habari tu.

Wale watafiti wa Baltimore, Marekani, Kouwenhoven na Jude na Knickerbocker, walishalisema hili 1960. Walikuwa wanafanya majaribio ya kushtua moyo kwa mbwa, Knickerbocker akaona kila akikandamiza zile pedi kifuani presha ya damu inapanda hata kabla ya umeme kupita. Kabla ya hapo moyo ukisimama daktari alikuwa anapasua kifua anaushika kwa mkono. Wakaandika kwamba sasa mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuanza, kinachohitajika ni mikono miwili tu. Niliposoma hiyo sentensi chuoni niliandika kwenye jalada la daftari, na mama yenu alilikuta miaka mingi baadaye akaniuliza kwa hiyo mishahara mnalipwa ya nini.

Kwa hiyo ukitaka kujua nini kilimsaidia mama yenu, anza na kaka yako. Alimwanzia pale pale sakafuni, simu imewekwa spika, yule dada wa huduma ya dharura anamhesabia. Anasema alisikia ubavu unalia chini ya mkono wake akataka kuacha, yule dada akamwambia usiache, ubavu unapona. Na kweli unapona. Alibonyeza mpaka ambulensi ikafika na mashine yao ikasema huu mdundo sio wa kushtua, yaani umeme hautausaidia, endeleeni kubonyeza. Wewe hukuwepo na mi nilikuwa nimetoka, nikaja kuwakuta kasualti wanamshusha.

Na hapa ndo nataka kufika, maana hili hujaniuliza na sijui kwa nini hamniulizi. Nilivyokifuata kitanda chake niingie nacho ndani akanizuia daktari kijana, mikono miwili kifuani kwangu, mzee subiri nje tafadhali, ndugu hawaruhusiwi. Nikamwambia mi ni nesi, hii kazi nimeifanya kabla hujazaliwa. Akaniangalia akasema, "Leo wewe ni ndugu." Mlango ukafungwa.

Mwanangu hilo neno lipo mpaka leo, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba alilisema kwa upole.

Nikabaki koridoni. Ule mlango ni wa kusukuma, haukutani vizuri katikati, kwa hiyo nasikia kila kitu. Nasikia anayebonyeza anahesabu kwa sauti na mwanzo alikuwa vizuri kabisa, ile mia na kitu kwa dakika inayotakiwa, halafu nikaanza kusikia hesabu inaburuta, kumi na moja... kumi na mbili... nikajua huyu kachoka. Mtu akichoka mikono haishuki tena zile sentimita 5, anakuwa anapapasa tu, na yeye mwenyewe hajui, ndo maana kila dakika mbili lazima mtu apokewe. Na sisikii anayesema badilishaneni. Nikaweka mdomo pale kwenye uwazi wa mlango nikapiga kelele, BADILISHANENI! Kasualti nzima iligeuka. Pakawa kimya kidogo kule ndani halafu ikaanza sauti nyingine, ya mwanamke, inahesabu haraka haraka, safi kabisa. Sijawahi kufurahia sauti ya mtu nisiyemjua namna ile. Sasa kama walinisikia au zamu yao tu ilikuwa imefika, sijui, na yule dada nisingependa kumuuliza maana akisema ilikuwa zamu yao nitabaki na nini.

Baada ya hapo nikasikia wanaitana, mapigo yapo, mapigo yapo.

Kuna utafiti wa Ufaransa wa 2013 ambao ungeusoma huo kabla ya huu wako. Walichukua ndugu 570 wa watu waliosimama moyo nyumbani, wengine wakaalikwa rasmi kukaa na kuangalia wahudumu wakifanya kazi, wengine ikaachwa kama kawaida. Baada ya miezi mitatu wale ambao hawakualikwa ndo walikuwa na shida zaidi, kushtuka, picha za ile siku kuwarudia. Na kazi ya wahudumu haikuharibika, waliopona hawakupungua. Kwa hiyo yule kijana alikuwa na sheria ya hospitali yake, mi nina ndugu 570.

Ingawa na mimi nisijidanganye, Wafaransa hawakukutana na mtu anayetaka kumnyang'anya daktari kitanda. Ningekaa pembeni kimya? Mama yenu angecheka kwa hilo swali. Ila yule daktari angeweza kuniweka pale kichwani kwa mama yenu na nesi mmoja wa kunishika bega, hiyo inatosha, hata dakika moja.

Narudi kwenye dawa, najua unasubiri. Adrenalini ile ilikuwa na kazi kwa mdundo kama wa mama yenu, usio wa kushtua hauna kingine cha kuupa mapema zaidi ya mikono na hiyo sindano. Kwenye utafiti wako waliopata dawa moyo uliwarudia asilimia 36 kabla ya kufika hospitali, wa maji 11.7. Hiyo sio tofauti ndogo. Inakuja kuyeyuka baadaye, huko ICU. Kwa hiyo kama nesi nakwambia, yawezekana sana ndo iliyourudisha moyo wake, na yawezekana sana hakukuwa na namna ya kuurudisha ubongo.

Na kabla hujaushika huo utafiti mmoja kama msahafu, kumbuka barafu. Wewe mwenyewe ulipofika ICU uliwakoromea kwa nini hawampozi mgonjwa, kwa sababu mi ndo nilikuwa nawasimulia utotoni jinsi tulivyokuwa tunawapangia wagonjwa mifuko ya barafu, kwapani, kwenye kinena, shingoni, mtu anateremka mpaka nyuzi 33, anatetemeka mpaka tunamuongezea dawa ya usingizi. Tafiti mbili za 2002 zilisema kupoza kunaokoa ubongo na dunia nzima ikapoza. 2021 wakaja na wagonjwa 1,900, nusu wakapozwa mpaka 33, nusu wakazuiwa tu wasipate homa, na baada ya miezi sita nusu ya kila upande walikuwa wamekufa, hakuna tofauti. Barafu yote ile! Kwa hiyo wale manesi walikuwa sahihi na wewe ulikuwa unarudia hadithi za baba yako.

Sasa zile siku chache. Moyo uliorudi ndo uliompa zile siku za ICU, na wewe ulisafiri katika siku hizo hizo, ukamkuta wa moto, ukamshika mkono, ukamsomea zile message za wajukuu. Kwenye ule utafiti mama yenu angehesabiwa kati ya waliokufa kabla ya siku 30, basi, hakuna safu ya "binti aliwahi kufika". Nesi ndani yangu anasema hizo siku zilikuwa za mashine, mgonjwa alishaondoka sakafuni. Mume anasema nyamaza. Halafu nesi anarudi na swali baya zaidi, je angebaki vile miaka mitano, tungekuwa tunaishukuru hiyo sindano? Ninalo jibu langu, nimekaa nalo muda mrefu, na linanitoka mdomoni sasa hivi ninavyoandika. Silisemi. Nikilisema wewe na kaka yako mtaanza kulipigia kura na yeye ndo aliyebonyeza, sitaki apigiwe kura.

Kwangu mimi ikitokea wadunge, sina ugomvi na hiyo sindano, kama mashine inasema shtua washtue kwanza. Ila muingie ndani wawili, wewe na kaka yako, na mkikatazwa mwite msimamizi wa zamu kwa adabu. Mdogo wenu abaki nje na simu, yule anazimia akiona sindano tu, wasije wakapata wagonjwa wawili. Na mkisikia hesabu inaburuta, semeni.

Baba