Hakimiliki ya picha haikupi sura ya mtu

SWALI: Mimi ni mpiga picha wa kampuni ya utalii Dar es Salaam. Natumwa Lamu nikapige maisha ya kila siku na majengo ya kale, kwa ajili ya kalenda na mabango. Nimeambiwa mtu akiwa barabarani haombwi ruhusa. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na aliyekuambia hivyo anakuponza. Majengo hayana taabu kubwa: Ngome ya Lamu iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waandikie mapema na useme wazi kwamba picha ni za biashara. Balaa liko kwenye sura za watu.

Wapiga picha wa kampuni wanawaiga waandishi wa habari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, inayolinda taarifa za mtu, picha yake ikiwemo, inawapa wanahabari nafuu pale habari inapokuwa na maslahi kwa umma. Kalenda yenu si habari. Hakimiliki mnayo, lakini kazi yake ni kumzuia mwingine asiinakili picha. Haikuruhusu kuuzia safari kwa sura ya mama wa watu. Septemba 2023 Kamishna wa Data, msimamizi wa sheria hiyo, aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa picha ya mteja iliyowekwa mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za wanafunzi.

Wanaonikera zaidi ni wauza semina na fomu zao za ridhaa za Kiingereza. Muuza mahamri anapewa shilingi 200, anatia dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, kisha mtu anatamba kwamba ana ridhaa. Ridhaa gani hiyo? Ikija kesi, wa kuthibitisha kwamba alielewa ni nyinyi, si yeye. Wengine wanakwambia uso ufichwe kwa programu. Lamu watu wanajuana hadi baraza na mlango, atatambulika tu.

Fomu iwe ya Kiswahili, itaje kalenda, mabango na muda, asiyejua kusoma asomewe, nakala abaki nayo. Kwa mtoto aliyepanda punda, mtafute mzazi. Andika pia namba ya picha, maana mtu ana haki ya kuondoa ridhaa baadaye.

Na msidhani hili linaishia Kenya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zile picha za wachuuzi mlizojaza kwenye tovuti zenu zipitieni moja moja. Isiyo na ridhaa, iondoeni.