Kabla hujafunga shoo, piga hesabu ya usiku mmoja

Wengi mnaoingia utayarishaji hapa Nairobi mnaniuliza jinsi ya kuanzisha tamthilia ya muziki. Jinsi ya kuifunga hamniulizi, na huko ndiko nilikopoteza pesa zangu nyingi.

Kwanza, tenganisha mafungu mawili. Kuna pesa ya kuanzisha: mazoezi, mavazi, seremala, rangi. Hiyo ikishatoka, imetoka. Halafu kuna pesa inayoliwa kila pazia likifunguka: ukumbi, waigizaji, bendi, fundi wa taa na wa sauti, dizeli ya jenereta, nauli ya watu kurudi makwao saa nne usiku. Uamuzi wa kuendelea au kufunga unatoka kwenye fungu hili la pili peke yake. Mwaka wangu wa kwanza niling'ang'ana wikendi tatu zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshonesha magauni 12 na roho ilikataa kuyaacha. Magauni hayakununua tiketi.

Chukua mfano. Ukumbi wa viti 300, kiingilio shilingi 1,000, gharama ya shoo moja shilingi 210,000. Ijumaa wanakuja watu 110, Jumamosi 240, Jumapili 100. Wikendi inaingiza 450,000 na kula 630,000, yaani unazama kwa 180,000. Karibu kila mgeni hapa hukimbilia bendi. Wanamuziki wanane kwa 4,000 kila mmoja. Ukifukuza wanne unaokoa 48,000 kwa shoo tatu. Bado umezama, na sasa hata wimbo wa ufunguzi unasikika kama mazoezi. Lakini ukibaki na Jumamosi pekee, hata asihamie mtu mmoja wa Ijumaa, unapata faida ya 30,000. Punguza siku kabla ya kupunguza watu. (Soma mkataba wa ukumbi kwanza, kuna wanaokata amana yote ukiacha siku hata moja.)

Mtanitajia London. Ni kweli, ile tamthilia ya muziki The Phantom of the Opera iliporudi jukwaani huko Julai 2021 baada ya korona, okestra ilikuwa imepunguzwa kutoka wanamuziki 27 hadi 14. Lakini wale wanapiga shoo nane kwa wiki, mwaka mzima. Malipo ya watu 13 mara nane mara wiki 52 ni malipo 5,408 kwa mwaka. Sisi tunacheza wikendi chache, kwa hiyo dawa yao kwetu ni panadol. Hata kwao ilizua manung'uniko mengi, na sishangai.

Somo la kuiba kutoka kwao ni la New York. Huko shoo hiyohiyo ilikuwa imedumu tangu Januari 1988. Baada ya korona watalii walipungua, gharama zikapanda. Septemba 2022 wakatangaza kwamba ingefungwa Februari. Watu wakazikimbilia tiketi hadi tarehe ikasogezwa, na pazia likashuka tarehe 16 Aprili 2023, baada ya maonyesho 13,981. Kumbe tangazo la kufunga nalo ni tangazo la biashara. Basi litoe mapema, wiki tatu au nne kabla, ungali na pesa ya mabango. Ila usilitoe mara mbili. Nairobi tunayajua yale maduka yaliyoandika "tunafunga, bei ya kutupa" tangu watoto wetu wakiwa chekechea.

Tarehe yenyewe iwe mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia. Usipime shoo kwa wikendi ya katikati ya mwezi, na Januari usiipime kabisa, maana hata mashabiki wako wa damu wanalipa karo.

Waigizaji wasisome habari hiyo kwenye bango. Waite, wape tarehe, na malipo ya wiki ya mwisho yawe kando kabla hujatangaza. Anayeshuku hatalipwa huanza kuchelewa, kisha simu yake inazimwa.

Mwisho, ulizia stoo. Mandhari ya jukwaa ni mizigo ya lori, na kodi ya stoo inaendelea kukukamua baada ya makofi kuisha. Uza mbao wiki hiyohiyo. Mimi niliiweka ngazi moja nzuri ya mduara kwa shangazi Kayole "kwa muda". Huu mwaka wa sita, kuku wanalala juu yake, kila mmoja na kidato chake.