Usiandike kwamba tundu la ozoni limepona kwa sababu ya mwaka 2019

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza kwa nini tundu la ozoni, yaani eneo ambalo gesi hiyo inayotukinga na miale mikali ya jua hupungua sana, linatokea Antaktika (ncha ya kusini) na si Aktiki (ncha ya kaskazini), na kama sura yako ya nne imekaa vizuri. Naanza na hiyo sura, maana nimeisoma nikashtuka. Ile sentensi kwamba tundu la 2019 lilikuwa dogo "kwa sababu Itifaki ya Montreal imezaa matunda" (ule mkataba wa dunia wa kuacha gesi zinazoharibu ozoni), ifute leo kabla msimamizi wako hajaiona. Mimi niliiandika karibu neno kwa neno kwenye tasnifu yangu. Ilinila sura nzima na mahafali ya mwaka ule nikayakosa.

Nilikuwa na grafu ya ukubwa wa tundu kama yako, 1979 hadi 2019, mwishoni mstari unaporomoka. Mtahini wa nje hakugusa milinganyo yangu hata mmoja. Aliuliza kitu kimoja tu: Septemba ile, kwenye kilomita 20 kwenda juu, joto lilikuwa kiasi gani? Sikuwa na jibu, kwa sababu tasnifu nzima haikuwa na safu ya joto. Kisha akaongeza nukta ya 2020 kwa kalamu. Ilipanda juu kabisa, karibu kilomita za mraba milioni 25, zaidi ya Tanzania 25 zikipangwa pamoja. Akaniuliza kama klorini, ile inayokula ozoni, ya dunia nzima ilirudi ndani ya miezi 12.

Haikurudi. Na 2019 haikuwa imeondoka. Klorini hiyo inatoka hasa kwenye CFC, gesi za friji za zamani, na CFC-11 hukaa angani kwa takriban nusu karne, CFC-12 karibu karne nzima. Klorini ya stratosfia, tabaka la anga lenye ozoni nyingi, inapungua kidogo kidogo kila mwaka, haiwezi kurukaruka kama grafu yako inavyoruka. Kinachoruka ni hali ya hewa.

Angalia 2019 kwa karibu. Tarehe 8 Septemba tundu lilifika kilomita za mraba milioni 16.4, kisha likasinyaa hadi chini ya milioni 10 kwa sehemu kubwa ya Septemba iliyobaki na Oktoba. Mawimbi makubwa ya hewa yalipanda kutoka chini yakaugonga ule upepo unaoizunguka ncha ya kusini. Mwendo wake ukashuka kutoka wastani wa kilomita 259 kwa saa hadi 108. Hewa ikashuka, ikabanwa, ikapata joto: takriban nyuzi 16 juu ya kawaida ya Septemba. NASA wenyewe walisema wazi kwamba chanzo ni joto la stratosfia, si kupona kwa ghafla. Nilikuwa na takwimu zao, maelezo yao sikuyasoma. Na haikuwa mara ya kwanza: Septemba 2002 tundu lilikatika vipande viwili kwa sababu ya aina hiyo hiyo.

Sasa kwa nini joto lina nguvu kiasi hicho? Hapa ndipo zile notisi zinazozunguka vyuoni zinapowapoteza watu, na bado nina hasira nazo. Zinachora atomu ya klorini inakula ozoni, inatoka huru, inakula tena, basi. Ukizifuata, tundu lingekuwa kila mahali, mwaka mzima. Ukweli ni kwamba klorini nyingi huko juu imefungwa ndani ya kloridi ya haidrojeni na nitrati ya klorini, na hizo haziigusi ozoni. Wakati wa usiku mrefu wa ncha, hewa iliyozungushiwa ule upepo haichanganyiki na hewa ya nje, inapoa hadi chini ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na mawingu yanatokea mahali ambapo kwa kawaida ni pakavu mno kuwa na wingu. Juu ya chembe za mawingu hayo ndipo zile gesi mbili zinapokutana na kuachia klorini. Asidi ya nitriki inabaki kwenye chembe, kubwa zikianguka zinaondoka nayo, na klorini inakosa kitu cha kuifunga tena. Jua likirudi mwishoni mwa Agosti na Septemba, kazi inaanza. Mkemia wa anga Susan Solomon na wenzake walilieleza hili 1986, na vipimo vya McMurdo, kituo cha utafiti cha Marekani huko Antaktika, mwaka huo na uliofuata vikawaunga mkono. Ukirusha puto la vipimo ncha ya kusini mwanzoni mwa Oktoba ya mwaka wenye baridi, kati ya kilomita 14 na 20 ozoni inakaribia sifuri.

Bila baridi hiyo mawingu hayapo, na klorini inabaki imefungwa hata iwe nyingi namna gani. Msimamizi wangu wa wakati ule aliniambia hali ya hewa niwaachie watu wa jiografia, mimi ni mkemia. Nilimheshimu nikatii. Mtu anayesimamia mada ya ozoni hana ruhusa ya kumwambia mwanafunzi maneno hayo.

Aktiki ni habari hiyo hiyo. Kaskazini kuna milima na mabara yanayopishana na bahari, kwa hiyo mawimbi ya hewa ni makali, upepo wa ncha unavurugwa mara nyingi na baridi haidumu. Ila 2011 na 2020 upepo ulitulia, baridi ikakaa, na ozoni ya Aktiki ikaliwa vibaya. Klorini ile ile, hali ya hewa tofauti.

Kwa hiyo kila ukubwa wa tundu unaouandika, weka joto la stratosfia pembeni yake. Kila mwaka, bila kuruka. Kama unataka kuonyesha uponaji, na upo kweli, fuata njia ya Solomon na wenzake wa 2016: walichukua Septemba badala ya Oktoba, wakatumia modeli kutenganisha kemia, upepo na joto, na moshi wa volkano, wakaona tundu la Septemba limepungua zaidi ya kilomita za mraba milioni 4 tangu 2000. Hata Oktoba 2015, tundu lilipokuwa kubwa kupita kiasi, waliihusisha na mlipuko wa Calbuco kule Chile.

Ongeza hiyo safu ya joto, endeleza grafu hadi 2023, halafu ibandike hapa tuione kabla hujapeleka kwa msimamizi.